Nani ameshika saa? Mwongozo kamili wa kupunguza jita kwenye muziki wa nyumbani

Faili la muziki wa dijitali halina sauti ndani yake. Lina namba tu: kwa CD, namba 44,100 kila sekunde kwa kila chaneli. Namba hizo haziwi sauti mpaka kigeuzi, yaani ile chipu au kisanduku kinachoandikwa DAC, kizitoe moja baada ya nyingine kwa nafasi zilizo sawa, moja kila mikrosekunde 22.68. Kinachokiambia kigeuzi "sasa" ni saa: kristali ndogo ya kwazi inayopiga mamilioni ya mapigo kwa sekunde. Pigo likiwahi au likichelewa, namba iliyo sahihi inatoka wakati usio wake na umbo la wimbi linapinda. Kuwahi na kuchelewa huko ndiko jita.

Mpiga dumbaki akiyumba, kikundi kizima cha taarab kinayumba, hata kama mpiga udi na mpiga fidla wanazijua noti zao vilivyo. Kwenye mtambo wa nyumbani swali la kwanza ni hilo hilo: nani ameshika saa? Waya, adapta na programu vyote vinafuata jibu la swali hilo, na anayeanza na waya kabla ya kulijibu hupoteza fedha.

Jambo jingine la kutenganisha mapema. Neno jita hutumika pia kwa mtandao, pale data zinapofika kwa kusuasua. Hiyo ni nyingine. Data za intaneti hukusanywa kwanza kwenye kumbukumbu ya simu au kompyuta, kisha zikatolewa kwa saa ya mtambo. Mtandao mbovu utakatisha wimbo, lakini hauwezi kuifanya kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, isikike butu.

Hakikisha kwanza kwamba ugonjwa ni huo

Mengi yanayosingiziwa jita si jita. Mvumo wa chini usiokoma, unaosikika hata wimbo ukisimama, ni tatizo la ethi au la waya wa analojia. Mikwaruzo na kukatika ni kumbukumbu ndogo ya programu, adapta dhaifu au plagi iliyolegea. Besi iliyolegea inatoka kwenye chumba na mahali zilipowekwa spika. Chumba chenye sakafu ya saruji, kuta tupu na dirisha la kioo kitaharibu sauti kuliko jita ya kifaa chochote cha leo, na mkeka mnene pamoja na pazia zito vitafanya kazi kubwa kuliko waya wa bei kali.

Jita yenyewe hukaa kwenye sauti za juu, na sababu yake ni ya hesabu. Kosa la muda hugeuka kuwa kosa la sauti pale wimbi linapopanda na kushuka kwa kasi. Besi hupanda polepole, kwa hiyo kuchelewa kidogo hakuibadilishi. Jita inayotikisika kwa mpigo maalumu huzaa miiba miwili, yaani toni ndogo za ziada, kando ya kila toni, na urefu wa miiba hiyo ukilinganisha na toni unakokotoleka: zidisha π kwa masafa ya toni, kisha kwa kilele cha jita kilichoandikwa kwa sekunde. Jita ya nanosekunde 1, sehemu moja ya bilioni ya sekunde, juu ya toni ya 11,025 Hz huzaa miiba iliyo desibeli 89 chini ya toni yenyewe. Juu ya toni ya 1,000 Hz, jita hiyo hiyo inashuka hadi desibeli 110 chini, na kwenye 100 Hz inakuwa 130. Atakayekwambia kristali mpya imemkazia besi, muulize alibadilisha nini kingine siku hiyo.

Je, jita huanza kusikika ikiwa kiasi gani? Wauzaji hupenda kutaja pikosekunde 121 (pikosekunde ni sehemu ya elfu ya nanosekunde). Namba hiyo ni ya kweli, lakini ni hesabu ya hali mbaya kuliko zote: toni ya 20 kHz, yaani 20,000 Hz, kwa nguvu kamili kwenye biti 16 za CD. Hakuna ala ya taarab inayotoa kitu cha namna hiyo. Watafiti Benjamin na Gannon walipojaribu masikio ya watu mwaka 1998, kwa muziki kiwango cha kusikika kilikuwa kwenye makumi ya nanosekunde. Ashihara na wenzake, Japani, mwaka 2005, kwa jita isiyo na mpangilio, walipata mamia kadhaa ya nanosekunde hata kwa wasikilizaji waliozoea. Kigeuzi cha kisasa kilichounganishwa sawasawa kiko chini sana ya hapo. Kazi ya mwongozo huu basi ni kuukuta mtambo uliounganishwa vibaya na kuunyoosha kwa gharama ndogo.

Hatua ya 1: jua saa iko wapi

Angalia waya unaoingia kwenye kigeuzi chako.

USB ina namna mbili kuu. Kwenye namna ya zamani, kigeuzi hufuata mwendo wa kompyuta: kompyuta inatuma pakiti kila milisekunde 1 na kigeuzi kinahangaika kutengeneza saa kutokana na pakiti hizo. Kwenye namna mpya, kigeuzi kina kristali zake na ndicho kinachoiambia kompyuta "ongeza" au "punguza". Hii ya pili ndiyo unayoitaka, kwa sababu saa imekaa sentimita chache kutoka kwenye chipu inayoihitaji. Kwenye kompyuta ya Linux au Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, cheza wimbo kisha andika:

cat /proc/asound/card1/stream0

Namba ya kadi inaweza kuwa 0, 1 au 2. Ukiona neno ASYNC kwenye mstari wa Endpoint, saa iko kwenye kigeuzi. Ukiona ADAPTIVE, kigeuzi kinafuata. Kigeuzi cha ADAPTIVE hakitengenezeki kwa waya. Badilisha kigeuzi chenyewe.

Koaksiali, ile plagi moja ya rangi ya chungwa nyuma ya deki ya DVD au king'amuzi, hubeba saa na data kwenye waya mmoja. Kwa muziki wa CD, fremu moja ina biti 64, kwa hiyo waya unapitisha biti milioni 2.8224 kwa sekunde, na kigeuzi lazima kiisome saa kwenye kingo za mapigo yale yale yanayobeba muziki. Hapa chipu ya kupokelea ndiyo inayoamua. CS8412 ya miaka ya 1990 iliacha jita yote iliyo chini ya 25 kHz ipite. CS8416 hutajwa kuwa na jita ya pikosekunde 200, DIR9001 na WM8805 pikosekunde 50. Kama unanunua kigeuzi kilichotumika, fungua kifuniko usome jina la chipu iliyo karibu na tundu la koaksiali. Utajua mengi kuliko kwenye boksi lake.

Waya wa mwanga, ule wenye taa nyekundu mwishoni, hubeba mapigo yale yale. Vipokezi vyake ni vizito kidogo, kwa hiyo kwa kawaida jita yake inazidi ya koaksiali. Lakini hauna shaba, na faida yake tutaiona kwenye umeme.

HDMI haipeleki saa ya sauti yenyewe. Hupeleka saa ya picha pamoja na namba mbili, N na CTS, na mashine inayopokea inaiunda upya saa ya sauti kutokana na hizo. Kwa sinema haidhuru. Kwa muziki, ikiwa TV au deki ina tundu la mwanga au koaksiali, tumia hilo.

Bluutuzi tuiweke kando. Spika inayopokea ina saa yake, na kinachopunguza ubora pale ni mgandamizo wa data.

Kadi za sauti zinazokaa juu ya pini za Raspberry Pi zinahitaji neno la ziada, kwa sababu nyingi zilizopo ni za bei nafuu. Pi 3 hutengeneza saa zake kutoka kristali ya 19.2 MHz, na 19.2 haigawanyiki sawasawa kwa 2.8224 inayohitajika. Chipu inalazimika kurukaruka kati ya kigawanyo kimoja na kingine ili wastani ulingane, na kurukaruka huko ni jita kwa jina jingine. Dawa ni kadi yenye kristali zake mbili, moja ya 22.5792 MHz kwa nyimbo za 44.1 kHz na nyingine ya 24.576 MHz kwa za 48 kHz, huku Pi ikiwa mfuasi. HiFiBerry DAC+ Pro ni mfano wa kadi ya namna hiyo. Geuza kadi uitazame: vikopo viwili vidogo vya kristali vikiwapo na programu yake ya kuiendesha (dereva) ikiwekwa sahihi, umemaliza.

Hatua ya 2: programu isiziguse namba

Hili si jita kwa maana halisi, ila madhara yake ni makubwa kuliko jita na watu huyachanganya. Simu nyingi za Android hugeuza kila wimbo kuwa 48 kHz kabla ya kuutoa, na kompyuta nyingi hufanya vivyo hivyo. Kwenye Windows, ndani ya programu ya muziki, chagua njia ya kutolea sauti iitwayo WASAPI, kwa matumizi ya programu moja pekee (exclusive). Kwenye simu, programu ya USB Audio Player PRO huipita njia ya mfumo, na Android 14 iliongeza njia ya kutoa namba bila kuzigusa kwa programu zinazoiunga mkono. Kwenye Linux elekeza programu moja kwa moja kwenye kadi, kisha uhakikishe wakati wimbo unacheza:

cat /proc/asound/card1/pcm0p/sub0/hw_params

Mstari wa rate ukisema 44100 kwa wimbo wa CD, ni sawa. Ukisema 48000, kuna mtu katikati anapika upya. Acha sauti ya programu kwenye asilimia 100 na upunguzie kwenye amplifaya.

Deki ya DVD inayotumika kuchezea CD ina menyu yake. Tafuta mpangilio wa sauti ya dijitali, weka PCM badala ya RAW, na zima kila kitu kinachoitwa mwangwi, uwanja au besi ya ziada. Baadhi ya deki hutoa 48 kHz kwa kila diski bila kukuuliza. Kigeuzi chenye taa za masafa kitakuonyesha mara moja.

Hatua ya 3: waya wa koaksiali kutoka duka la dishi

Njia ya koaksiali inahitaji waya wa ohm 75 mwanzo hadi mwisho. Ohm hizi ni za upinzani kwa mapigo ya kasi, si zile zinazosomwa na multimita. Waya wa ohm tofauti hurudisha sehemu ya pigo nyuma, linagonga mwisho, linarudi tena, na linaukuta ukingo wa pigo linalofuata na kuusogeza. Waya wa RCA wa kawaida, mweupe na mwekundu, hautengenezwi kwa kipimo hicho. Ukiwa na seti ya waya tatu, tumia wa njano: ulikusudiwa picha, na picha ni ohm 75.

Waya mzuri zaidi unauzwa kwa mita kwenye maduka ya dishi na kamera za ulinzi, Darajani na Mlandege kwa Unguja, Chake Chake au Wete kwa Pemba. Soma maandishi ubavuni. RG-59 na RG-6 ni ohm 75. RG-58, mweusi mwembamba wa redio za mawasiliano, ni ohm 50 na haufai hata ukipewa bure. Kama utalehemu, chukua RG-59 wenye suka (wavu unaozunguka waya wa kati) la shaba. RG-6 nyingi za dishi zina suka la alumini, na risasi haishiki kwenye alumini. Utaona tone limekaa kama limeshika, na baada ya wiki mbili sauti inakatika ukiigusa meza.

Unahitaji mita 1.5 za RG-59, plagi mbili za RCA za chuma, na risasi ya 60/40 yenye unene wa milimita 0.8.

1. Pitisha vifuniko vya plagi zote mbili kwenye waya kabla ya kulehemu chochote. Kila fundi amewahi kukisahau kimoja.
2. Menya ganda la nje milimita 15 bila kukata suka. Rudisha suka nyuma, lisokote upande mmoja.
3. Menya kizio cha ndani milimita 6. Acha milimita 2 au 3 za kizio zikiwa zimeingia ndani ya plagi, zisigusane na suka.
4. Weka risasi kwenye suka na kwenye kikombe cha plagi kwanza, kila kimoja peke yake, kisha uviunge. Waya wa kati usizidi sekunde 3 za moto kwenye nyuzi 350 hivi. Kizio cha povu kikiyeyuka, waya wa kati unahama kutoka katikati, na ohm 75 zimekwisha hapo hapo.
5. Pima kwa multimita: kati kwa kati chini ya ohm 1, suka kwa suka chini ya ohm 1, kati kwa suka isisome kitu. Tikisa plagi huku unapima.

Asiye na kifaa cha kulehemu anunue plagi za kuskurubu za dishi, aina ya F, na adapta mbili za F kwenda RCA. Kwa hizo hata RG-6 yenye suka la alumini inafaa, maana hakuna risasi inayohitajika. Sura yake haivutii, kazi yake ni safi.

Kwa USB, waya wa kawaida wa mita 1 hadi 2 unatosha. Kiwango kinaruhusu mpaka mita 5, ila waya mrefu wa bei ya chini hupoteza volti na kigeuzi kinachokula umeme wa USB kinaanza kukwaruza. Waya wa mwanga usiukunje kona kali. Duara la kukunja liwe pana kama mdomo wa kikombe cha kahawa au zaidi, na kofia zake zihifadhiwe.

Hatua ya 4: umeme, pale visiwa vinapotofautiana na vitabu

Vitabu vya nchi za baridi huchukulia kwamba soketi inatoa 230 V na 50 Hz saa zote. Pima yako kwa siku tatu: asubuhi, saa nane mchana na saa mbili usiku wakati kila nyumba imewasha feni na taa. Multimita iwe kwenye AC, kipimo cha 600 au 750, na vidole visiguse ncha.

Ukisoma 180 usiku, angalia kinachotokea ndani ya kigeuzi chenye transfoma. Chukua transfoma ya 12 V inayolisha kidhibiti cha volti cha 7812, kinachotoa volti 12. Kwenye 230 V, baada ya diodi unapata kama volti 15.6, na kidhibiti kinahitaji 14 hivi, kwa hiyo hali ni nzuri. Kwenye 180 V unapata 11.9 tu. Kidhibiti kinashindwa kazi, na mawimbi ya 100 Hz ya diodi yanapita mpaka kwenye saa. Saa inatikisika mara 100 kwa sekunde, na ile miiba ya kando inazaliwa 100 Hz kila upande wa kila toni. Hii ni jita halisi, inatoka kwenye umeme, na ndiyo maana mtambo ule ule unapendeza saa sita za usiku na kuchosha jioni.

Dawa ni tatu. Ya kwanza ni stabilaiza. Zile za rilei hupanda na kushuka kwa ngazi zikilia tiki, lakini kwa vifaa vya muziki vinavyokula wati chache zinatosha. Ya pili ni transfoma ya 15 V badala ya 12, ukihakikisha kidhibiti kina bamba la kupooza, maana umeme ukiwa mzima joto lake litaongezeka. Ya tatu ni kapasita kubwa: kwa mzigo wa 0.3 A, kapasita ya mikrofaradi 2200 huacha wimbi la volti 1.4 hivi, na 4700 hulishusha mpaka karibu 0.6. Kabla ya kugusa chochote ndani, chomoa plagi na usubiri dakika tano, kisha pima kapasita kubwa. Ikisoma zaidi ya volti chache, isubiri tena.

Vifaa vya adapta ndogo ya 5 V vina shida nyingine. Adapta ya kuchajia simu huvujisha mkondo mdogo kutoka kwenye umeme mkubwa kwenda upande wa pili, na mkondo huo unatafuta njia ya kurudi kupitia waya wa USB na amplifaya. Jaribio lake ni rahisi: lisha Pi au kigeuzi kwa benki ya umeme (power bank) kwa nusu saa. Kelele ikitoweka, mkosaji ni adapta au ethi. Baadhi ya benki hujizima zikiona mzigo mdogo, kwa hiyo usishangae muziki ukikatika wenyewe.

Pi 4 inataka 5.1 V na 3 A, Pi 3 inataka 2.5 A. Alama ya radi ikitokea kwenye skrini, volti zimeshuka chini ya 4.63. Bila skrini, andika vcgencmd get_throttled. Jibu la 0x0 ni zuri, na 0x50000 ina maana umeme ulishawahi kupungua tangu ulipowasha.

Inveta ya bei ya chini hutoa wimbi la ngazi badala ya wimbi laini, na transfoma huunguruma juu yake. Unguja ilikaa karibu mwezi mzima bila umeme mwaka 2008, na karibu miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Inveta kwenye kibaraza haishangazi mtu. Kama unachagua sasa, chagua ya wimbi laini. Kama unayo ya ngazi, sikiliza muziki kupitia kifaa kinachokula betri moja kwa moja.

Ethi ndiyo yenye hatari. Waya wa dishi unaoingia kwenye king'amuzi, kisha king'amuzi kwenye amplifaya, huunda duara la ethi, na mvumo unasikika. Usikate wala kutoa pini ya ethi kwenye plagi ya miguu mitatu, hata kama fundi amesema. Unganisha king'amuzi na kigeuzi kwa waya wa mwanga. Hapo ndipo kale kajita kanakoongezeka hakana maana, kwa sababu umeondoa kelele kubwa mara elfu. Kwa USB kuna vitenganishi vinavyotumia chipu ADuM4160. Vinafanya kazi, ila vinaishia megabiti 12 kwa sekunde, kwa hiyo kigeuzi kitabaki kwenye biti 24 na 96 kHz. Kwa muziki wa CD haina shida.

Wakati wa masika na vuli, radi zikianza, chomoa dishi pamoja na plagi ya ukutani. Stabilaiza haizuii radi.

Hatua ya 5: chumvi, unyevu na wadudu

Kristali yenyewe imefungwa ndani ya kikopo cha chuma na hewa ya bahari haiipati. Plagi ndizo zinazoliwa. Kutu ya kijani kwenye RCA huongeza upinzani, na kwenye koaksiali ni sawa na kuharibu ohm 75. Kila miezi mitatu chomoa, futa kwa isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, ingiza na kuchomoa mara tano, kisha acha. Nyumba za Mji Mkongwe zenye kuta za mawe na chokaa hushika unyevu. Usiegemeze vifaa kwenye ukuta, acha sentimita 10 nyuma. Sisimizi hupenda joto la adapta na mjusi kafiri hupenda amplifaya. Wavu mdogo wa plastiki kwenye matundu ya hewa unazuia wote wawili bila kuzuia upepo.

Hatua ya 6: pima

Unahitaji kompyuta, programu ya bure ya kupimia sauti iitwayo REW, programu ya kuhariri sauti ya Audacity, na kadi ya sauti yenye kiingilio cha laini cha biti 24. Julian Dunn alibuni kipimo kinachoitwa J-Test: toni ya 11,025 Hz, ambayo ni robo ya 44,100, pamoja na wimbi dogo la mraba la 229.69 Hz kwenye biti ya mwisho. Kwa mwanzo, toni tupu inatosha. Kwenye Audacity weka mradi wa 44,100, tengeneza toni ya 11,025 Hz, ukubwa 0.5, sekunde 60, uihifadhi kama FLAC (faili lisilopoteza data) ya biti 24. Icheze kupitia kigeuzi, tokeo la analojia liingie kwenye kadi, na kwenye REW fungua kichora masafa: 96 kHz, urefu 65,536, wastani wa mara 8.

Utaona mlima mmoja mrefu. Tazama kando zake. Miiba iliyo 50 au 100 Hz kutoka kwenye mlima inatoka kwenye umeme, rudi hatua ya 4. Miiba iliyo 1,000 Hz kila upande ni zile pakiti za USB za kila milisekunde 1. Miiba ya 229 Hz, ukitumia J-Test kamili, ni data inayoisukuma saa kwenye koaksiali au mwanga, kwa hiyo kagua waya na chipu ya kupokelea. Mlima wenye miguu mipana kama kichuguu ni kristali dhaifu.

Miiba ikiwa desibeli 110 chini au zaidi, acha kazi na usikilize muziki. Ikiwa 90, kuna la kufanya. Ikiwa 70, kuna kitu kimeunganishwa vibaya.

Sasa mtego unaowanasa wengi: miiba hiyo hiyo inaweza kuzaliwa na umeme unaotikisa ukubwa wa sauti badala ya muda wake. Rudia kwa toni ya 1,000 Hz. Miiba ya jita itashuka kwa desibeli 21 hivi ukilinganisha na toni. Ikibaki pale pale, tatizo si saa, ni kidhibiti cha volti cha upande wa analojia. Na kabla ya kumlaumu yeyote, unganisha tokeo la kadi yenyewe kwenye kiingilio chake na upime, ili ujue miiba ipi ni ya kadi.

Hatua ya 7: sikiliza bila kujua

Sawazisha kwanza ukubwa wa sauti wa njia mbili unazolinganisha. Cheza toni ya 100 Hz, pima volti za AC kwenye skurubu za spika, na tofauti kati ya njia mbili isizidi asilimia 1: kama moja ni 2.00 V, nyingine isipite 2.02. Sauti iliyo juu kidogo siku zote huonekana nzuri zaidi, na hapo ndipo waya nyingi za bei kubwa huuzwa.

Mtu mwingine abadilishe waya au kifaa nyuma ya pazia kwa kurusha sarafu, mara 16, akiandika. Wewe sema ni kipi kila mara. Ukipata 12 au zaidi, nafasi ya kubahatisha ni chini ya asilimia 4. Ukipata 9, rudisha kifaa dukani.

Chagua muziki unaofaa kazi hiyo. Kanuni na udi vinavyodonolewa polepole, kwenye rekodi ya karibuni iliyofanywa chumbani bila mwangwi wa mashine, vinafichua sauti za juu. Nai na fidla ndefu zinafaa. Santuri za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928 zina thamani yake nyingine. Mchakacho wa sahani umefunika kila kitu ambacho jita ingeweza kukigusa. Kaa umbali wako wa kawaida, zima feni kwa dakika hizo 20, na fanya jaribio usiku, bodaboda zikishapungua.